Tarehe hiyo imetoka wapi?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Tandika, na kabla wateja wangu hawajakuandikia kuniumbua nakiri mwenyewe: kwa mambo ya tarehe sina jina zuri. Nguo ya Ijumaa kwangu huwa ya Jumanne. "Njoo kesho jioni" nimeisema mpaka mdomo umeizoea. Hata hivyo nakuandikia kuhusu tarehe, tena tarehe za kina mama kujifungua.

Nimechokozwa na barua ya msomaji wako wa Kimara uliyoichapa majuzi. Alisema hospitali siku hizi zinakimbilia kisu kwa ajili ya pesa, akamalizia kwamba mume mwenye akili, akiambiwa mkewe apasuliwe au aanzishiwe uchungu, amshike mkono warudi nyumbani wakangoje kudra. Ile nusu ya kwanza siigusi, kila mtu na alichokiona. Ni hiyo ya pili iliyoninyima usingizi, maana mimi nilishawahi kungoja hiyo kudra nyumbani. Nitafika huko. Nianze na huyu mtoto wa karibuni, ambaye sasa hivi ninavyoandika anatafuna ncha ya futi yangu.

Mama Salma alishika mimba hii baada ya Ramadhani ya mwaka 2024. Siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho tunaijua bila kubahatisha, na si kwa sababu ya usomi wowote. Ni kwa sababu ya deni. Mwanamke akiwa kwenye siku zake hafungi, anakuja kulipa baadaye, na mama Salma ana kalenda ya ukutani tuliyopewa kwenye duka la vitambaa Kariakoo ambayo kila siku anayodaiwa anaizungushia kalamu nyekundu. Mwaka ule tulianza kufunga Jumanne tarehe 12 Machi. Mduara wa kwanza mwekundu uko tarehe 2 Aprili, mfungo wa 22. Miduara iko sita. Deni lenyewe hajalimaliza mpaka leo, kwanza ilikuwa mimba, sasa ananyonyesha, lakini kalenda ile nimeikunja nimeiweka pamoja na kadi ya kliniki na haitupwi.

Ningependa kukuambia kwamba tuliwahi kliniki. Hatukuwahi. Shirika la Afya Duniani, WHO, tangu mwaka 2016 linataka mama ahudhurie mara 8, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12. Sisi tulifika katikati ya Julai, wiki ya 15, kwa sababu nilikuwa na oda ya harusi na mama Salma alikataa kwenda bila mimi. Zahanati yetu anayekuja na mume huitwa kwanza, na foleni ya pale si ya kuichezea.

Mkunga aliyetupokea ni mama wa makamo, mwenye miwani ya kamba. Akamwuliza mke wangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, akapewa, akashtuka kidogo kuona mtu anajibu bila kuangalia dari. Akahesabu kwa vidole: ongeza siku 7, rudisha nyuma miezi 3. Ikatoka 9 Januari 2025. Baadaye nikaambiwa hesabu hiyo inabeba jina la daktari mmoja Mjerumani, Naegele, na kwamba inafaa kwa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28 zilizotulia, si kwa aliyetoka juzi kwenye sindano za uzazi wa mpango. Kisha akatoa kigurudumu cha karatasi ngumu, duara juu ya duara, akakizungusha. Kikasema 7 Januari.

Nikamwuliza mbona zimepishana. Akasema vidole vinachukulia kama miezi yote iko sawa, gurudumu linahesabu siku 280 moja moja. Akaandika 7 Januari kwenye kadi, pale pa matazamio, akanitazama juu ya miwani. "Siku mbili tu hizo, baba Salma. Wewe hujawahi kukosea inchi?"

Nikanyamaza. Akaendelea kwamba katika watoto 100, wanaozaliwa siku ileile iliyoandikwa ni 4 au 5 hivi. Waliobaki wanatangulia au wanachelewa. Nikaona kumbe na watoto nao ni mafundi.

Jambo lililonishika zaidi siku ile, Mhariri, ni futi. Mkunga alitoa futi, futi hasa kama hii inayokaa shingoni kwangu miaka 24, ila ya kwake ina namba upande mmoja tu. Kuanzia karibu wiki ya 20 tumbo hupimwa kwa futi, toka mfupa wa chini mpaka kilele cha mfuko wa uzazi, na sentimita hukaribiana na wiki: wiki ya 24 utegemee sentimita 24, ukizidi mbili au ukipungua mbili hakuna kesi. Hayo nilikuja kuyaona mahudhurio ya mbele. Kila mara mkunga aliigeuza futi, upande mtupu juu, namba zimelala kwenye ngozi ya mama Salma. Akapapasa, akashika kwa kidole pale ilipoishia, ndipo akaigeuza kusoma. Nikamwuliza kwa nini anajipa tabu. Akasema akiziona namba huku anapima, mkono wake utaenda mahali moyo wake ulipotaka, kwa sababu ameshajua kwenye kadi wiki ni ngapi. Nimepima viuno vya Dar es Salaam robo karne na sijawahi kufikiria jambo hilo. Mteja akiniambia "kiuno changu ni 32", futi yangu nayo husema 32, halafu suruali haipandi.

Kadi ya mama Salma inasomeka hivi: wiki 24, sentimita 24, wiki 30, sentimita 31, wiki 34, sentimita 36. Kumbuka hiyo 36.

Tarehe 13 Agosti, wiki 19 kamili kwa hesabu ya kalenda, tulifanya altrasaundi kwa sababu mkunga alisisitiza ifanyike kabla ya wiki 24. Zahanati haikuwa na mashine, tukaenda kulipia. Jibu likaja wiki 18 na siku 5. Mkunga akasema tofauti ya siku mbili haibadilishi kitu, tarehe ya kalenda inabaki, na akaandika pembeni kwa kalamu ya bluu: "hedhi ya uhakika, picha ya wiki 18 imekubali." Maneno machache hayo. Yakae akilini.

Sasa Desemba. Desemba kwa fundi wa Tandika ni sare za shule. Kaptula za khaki, sketi za bluu, mashati meupe mpaka macho yanauma. Ile 7 Januari ilikuwa imenikaa vibaya tangu mwanzo: wiki ambayo wazazi wote wanakuja kwa pamoja na hasira kwa pamoja. Tulikuwa tumepanga kujifungulia hospitali moja ya binafsi, siitaji, maana shida yangu si jengo. Tukaenda kujiandikisha Alhamisi tarehe 12 Desemba. Wakampiga altrasaundi mpya. Mashine ikasema wiki 39 na siku 1, matazamio 18 Desemba. Mtoto mkubwa, maji yanaanza kupungua. Daktari, kijana mpole, akasema bora tusingoje, twende Jumamosi tarehe 14 aanzishiwe uchungu, na ukigoma apasuliwe. Tutangulize laki tano.

Nikuambie ukweli kilichonipitia kichwani: furaha. Mtoto Jumamosi, mama mkwe aje kutoka Mkuranga Jumapili, mimi Jumatatu nimekaa kwenye cherehani. Sikuuliza hata swali moja. Kadi ya kliniki ilikuwa mkobani kwa mama Salma, imekunjwa, hakuna aliyeiomba na mimi sikuitoa. Nilishika simu kutafuta nani wa kunikopesha.

Kwenye daladala mke wangu hakusema kitu mpaka tunashuka. Aliposhuka akasema, "Baba Salma, siku zangu nazijua mimi. Ramadhani ile nilifunga siku 21. Kama mtoto huyu ana wiki 39, basi nilikuwa na mimba huku naona damu siku sita." Na kweli, ukihesabu nyuma, mashine ilikuwa inasema hedhi yake ya mwisho ilikuwa katikati ya Machi, wakati amefunga kila siku bila kukosa.

Kesho yake tukawa mlangoni kwa mkunga kabla hajavua hata viatu vya njiani. Akachukua karatasi mpya, akaisoma, akaiweka juu ya kadi, akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike barua hii.

"Hii tarehe 18 imetoka wapi?"

Nikasema imetoka kwenye mashine. "Mashine ya lini?" Ya jana. Akavuta stuli.

Akanieleza kwa lugha ya kibandani kwangu, sijui aliipata wapi. Watoto wa mimba changa wote wana kimo kimoja, akasema, ndiyo maana picha ya miezi mitatu ya kwanza hukosea siku 5 mpaka 7 tu, na ya wiki 19 kama yetu hukosea wiki moja au siku chache zaidi. Lakini kadiri wanavyokua kila mmoja anashika umbo la kwao. Mwezi wa tisa kuna bonge na kuna mwembamba, na mashine haina njia ya kuuliza umri, inapima kichwa, tumbo na paja, halafu inasema "mtoto wa kawaida mwenye vipimo hivi huwa na wiki kadhaa." Picha ya miezi mitatu ya mwisho inaweza kupotea hadi wiki 3, mbele au nyuma.

Hapo nilielewa kabisa. Sare za chekechea nakata ishirini kwa kipimo kimoja na zote zinavaliwa. Sare za darasa la saba siwezi. Akiletwa mtoto bonge wa darasa la tatu nikampima kifua, nikamwambia mama yake "huyu ni darasa la sita", nitakuwa nimepima sawasawa na nimesema uongo. Mashine ilipima ukubwa ikatangaza umri. Na ile sentimita 36 ya wiki 34 ilishaanza kutunong'oneza kwamba mtoto ni mkubwa.

Kwa hesabu ya kalenda na picha ya Agosti, tarehe 14 Desemba mama Salma angekuwa na wiki 36 na siku 4. Mtoto wa wiki hizo bado ni njiti, hata akiwa na mashavu. Mapafu yake hayajawa tayari kama ya mtoto wa wiki 39, kunyonya kunamshinda, anapata manjano kirahisi. Hata wa wiki 37 na 38, akitolewa bila sababu, hupata shida ya kupumua zaidi ya aliyeachwa mpaka 39. Ndiyo maana operesheni ya kupangwa isiyo na dharura husubirishwa mpaka wiki hiyo.

Lakini mkunga hakutuambia turudi nyumbani tukalale. Hapa ndipo ninapoachana na ndugu yangu wa Kimara. Alisema mambo mawili yaliyosemwa na yule daktari hayawezi kupuuzwa: maji kupungua, na mtoto kuwa mkubwa. Kama maji yamepungua kweli ni hatari ya leo, tarehe iwe yoyote. Kama mtoto ni mkubwa, huenda mama ana sukari ya mimba. Akatuandikia rufaa siku ileile. Hospitali ya rufaa wakapima presha, mkojo, sukari, wakasikiliza moyo wa mtoto, wakarudia picha. Maji yalikuwa sentimita 11, ya kutosha. Sukari safi. Presha 118 kwa 74. Daktari wa pale alisoma yale maneno machache ya kalamu ya bluu, akasema tu, "Basi ni 7 Januari," akaendelea na mgonjwa mwingine.

Tulipewa utaratibu: kila wiki kuonekana, mama ahesabu mtoto anavyocheza, akiona amepunguza asingoje asubuhi, na ikifika 14 Januari uchungu haujaja, yaani wiki 41 kamili, aende akalazwe aanzishiwe.

Na sasa niseme ya 2011, maana bila hiyo nitaonekana mtu wa kungojangoja.

Mwaka 2011 tulikuwa tunakaa Mbagala, chumba kimoja. Mke wangu, kabla hajawa mama Salma, alikuwa ametoka kuacha sindano za uzazi wa mpango na siku zake hazikueleweka, mwezi zinakuja, mwezi haziji. Kliniki tulianza tumbo likiwa la miezi saba hivi. Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ilikisiwa kwa kuangalia tumbo. Tarehe ikapita. Ikapita wiki, zikapita mbili. Kliniki wakasema aende akalazwe. Mama yangu, Mungu amrehemu, akasema ukoo wetu tunabeba miezi kumi, mimba ya kwanza ndiyo huchelewa, na embe likiiva huanguka lenyewe. Tarehe yenyewe si walikisia tu? Nikaona mama ana hoja. Kweli walikisia tu.

Siku moja mke wangu akaniambia, "Leo hachezi sana." Nikamwambia labda kalala. Nikaendelea kupiga pasi shati la mtu.

Tulifika hospitali usiku wa siku ya pili. Chupa ilipopasuliwa maji yalitoka ya kijani, mazito kama mlenda, mtoto alikuwa ameshanyea ndani na ameyavuta. Alikuwa wa kiume. Ngozi yake ilikuwa kavu inabanduka viganjani kama mtu aliyefua siku nzima, na kucha zake zilikuwa ndefu, zimepita ncha za vidole. Alipumua saa chache. Watu huniuliza sura yake, nami nakumbuka kucha.

Miaka mingi nilijua kwamba tulichelewa. Sikujua tulichelewa kutoka wapi. Kondo la nyuma halikuumbwa kukaa milele. Wiki zikivuka 41 na kukaribia 42 huanza kuchoka, maji hupungua, mtoto halishwi vizuri. Kwa hiyo WHO inashauri mama aanzishiwe uchungu anapofikisha wiki 41 kamili, na imeweka neno ambalo ningelibandika ukutani kwenye kila kliniki: mama ambaye inajulikana kwa uhakika kuwa amefikisha. Uhakika wenyewe unatafutwa mwanzoni, mimba ikiwa bado ndogo. Ukifika mwezi wa tisa, uhakika huo haupatikani tena. Tungekuwa na tarehe yenye mizizi mwaka ule, mama yangu asingepata upenyo wa kupitisha miezi kumi yake. Na kama tarehe haikujulikana, dawa yake ilikuwa kumweka mama karibu na watu wanaosikiliza moyo wa mtoto na kupima maji, si chumbani Mbagala na pasi ya mkaa.

Ndiyo maana naona kosa la 2011 na lile la Desemba 2024 tulilonusurika ni kosa moja lililovaa nguo mbili. Mara ya kwanza tulikataa tarehe kwa sababu haikuwa na ushahidi. Mara ya pili nilikubali tarehe bila kuuliza ushahidi, kwa sababu ilinifaa kwenye sare.

Na wanaotaka tarehe za kuwafaa si mimi peke yangu. Mteja wangu mmoja alitaka mkewe apasuliwe kabla ya 31 Desemba kwa kuwa bima ya kazini inakoma hapo. Mwingine likizo ya mumewe wa melini inaisha. Binti mmoja alitaka mtoto azaliwe siku moja na yeye, apungukiwe wiki mbili na nusu. Shangazi yangu naye, ile Januari matazamio yalipopita siku moja tu, alikuja na chupa ya chai ya mizizi ya "kusukuma". Dawa hizo hazina kipimo, zinaweza kuleta uchungu wa fujo usio na mapumziko mpaka mfuko wa uzazi ukapasuka, na zaidi kwa mwenye kovu la operesheni. Mama Salma alimshukuru sana, akaimwaga kwenye mchicha. Mchicha unaendelea vizuri.

Kuna pahali tarehe haina sauti kabisa, nalo niliseme ili nisimpoteze mtu. Jirani yangu wa mlango wa pili alivimba uso wiki ya 33, kichwa kikamuuma, akaona nyota. Presha 170 kwa 115, protini kwenye mkojo: dalili za kifafa cha mimba. Hapo hakuna wa kusema "bado wiki sita". Ugonjwa huo tiba yake ni mtoto kuzalishwa. Ila hata pale, kabla ya kumchoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, swali la kwanza waliloliuliza ni mimba ina wiki ngapi na mmejuaje, kwa sababu sindano hizo zina wiki zake. Alikuwa na picha ya mapema. Walimtoa mtoto, akakaa kifuani kwa mama yake, kumbatio la kangaroo, mwezi mzima. Leo anatembea na kandambili za baba yake.

Wetu alikuja mwenyewe. Uchungu ulimwanza mama Salma Jumamosi tarehe 11 Januari saa nne usiku, na alfajiri ya tarehe 12, siku ya Mapinduzi, akajifungua kwa njia ya kawaida mtoto wa kiume, wiki 40 na siku 5, kilo 3.9. Bonge, kama futi ilivyosema. Kucha zake nilizikagua kabla ya uso. Ndugu zangu wa Unguja wanamwita Mapinduzi mpaka leo, ingawa tulimpa jina la babu yake. Sare zilichelewa siku tisa na kuna mama mmoja wa Yombo ambaye hanisalimii.

Mhariri, yule daktari kijana simlaumu sana; alisoma karatasi aliyoletewa. Ombi langu kwa Wizara ya Afya ni dogo kuliko bei ya uzi. Kwenye kadi ya mjamzito, chini ya mstari wa matazamio, pawe na mstari mwingine: imetokana na nini. Hedhi ya uhakika, picha ya wiki fulani, au kukisia kwa tumbo. Mtu wa leba akiipokea saa nane usiku ajue anashika chuma au anashika mwanzi. Na hivi vituo vya altrasaundi vilivyojaa kila kona vichape kwenye majibu ya mimba kubwa, kwa herufi za kuonekana, kwamba tarehe hiyo inaweza kupotea wiki 3. Mashine ya wiki 19 nayo ingesogezwa karibu na zahanati. Tuliyolipia sisi si kila mtu angeilipia.

Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja kibandani na kitenge cha mkewe, anataka gauni la arobaini. Nikamwuliza arobaini itakuwa lini. Akasema mkewe anatarajia mwishoni mwa mwezi ujao hivi. Nikamwuliza tarehe hiyo imetoka wapi. Akasema mama yake ndiye aliyesema, alimtazama tumbo. Kliniki? Bado, watakwenda. Nikamkunjia kitenge chake nikamrudishia mkononi, nikamwelekeza zahanati na jina la mkunga, nikamwambia arudi na kadi ndipo nitakata.

Alirudi juzi. Kadi anayo, wamepewa na rufaa ya kwenda kuangaliwa zaidi. Gauni bado sijalianza. Nimemwambia aje Ijumaa.

Fundi wa sare,
Tandika, Temeke,
Dar es Salaam